Kobe wa Mji wa Milango

Nililia kwenye mazishi ya binamu yangu Zuhura, na kwa kulia huko nilikemewa. Kwetu, katika vijiji vya milima ya Kondoa, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, na mtani ana kazi yake msibani. Anaweza kuvaa kanga ya marehemu na kutembea kama alivyotembea yeye, anaweza kulisuta jeneza kwa uvivu, na hakuna mwenye ruhusa ya kumkasirikia, kwa sababu kazi yake ni kuivunja huzuni kabla haijawavunja watu. Mimi nilisimama karibu na ukuta, nikashika koti langu kwa mikono miwili, nikalia. Mama mmoja alinijia, akanipiga kiganja begani. "Wewe Hamisi, mtani gani huyo analia? Sasa nani atatuchekesha?" Nilikuwa na jambo moja tu la kumtania Zuhura, nalo halikuwa la kusemwa mbele ya watu wale. Mwenyewe aliniambia zaidi ya mara moja, tulipokuwa tumeshapata wajukuu, "Hilo liweke. Nikifa utakuwa na la kunitania." Siku ilipofika sikuweza.

Siku ya tatu, kabla ya kurudi Dodoma, nilipita uwanjani. Vijana walikuwa wakicheza, na juu ya uzio wa miiba walikuwa wametandika kitambaa cha kijani chenye maandishi meupe: Mji wa Milango. Nilimuuliza kijana aliyekaa pembeni akifunga viatu jina hilo lina maana gani. "Ni jina tu, mzee," alisema. "Tumelikuta." Jibu lake lilikuwa sahihi na lilinisumbua njia nzima ndani ya basi. Nimekaa mezani sasa, na nitaliandika jambo hili kwa mpangilio niliojizoesha tangu nilipoanza kujisomea vitabu vya pampu na injini: kwanza kilichotokea, kisha nilichodhani kuwa kimetokea, kwa kuwa mara nyingi hivyo ni vitu viwili.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mifugo ilipoamriwa kuondoka milimani kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula mashamba, nilitolewa shule nikiwa darasa la pili nikaifuata tambarare, na miaka tisa baadaye nilirudi nikapokelewa kwa mjomba, baba yake Zuhura. Hayo ya familia yanatosha. Ninachokumbuka vizuri ni chumba. Nyumba ilikuwa tembe, yenye paa la udongo, na mimi nilipewa chumba cha nyuma pamoja na vilindo vitatu, vyombo vya magome ya mti vilivyojaa uwele, jembe la kukokotwa ambalo halikuwa na ng'ombe wa kulikokota, na dirisha lenye ukubwa wa sahani. Uwele una harufu yake, kavu na tamu kidogo, na hadi leo nikinusa unga wake sokoni Majengo ninahisi nimelala chali nikitazama boriti. Chakula cha mchana kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na msimu wa maboga tulikula maboga hadi mjomba akasema tutaanza kutambaa kama mmea wenyewe. Ukuta wa chumba changu ulipakana na ua wa jikoni, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni nilikisikia, nikitaka nisitake.

Kilichosemwa zaidi jikoni ni barua. Zuhura alikuwa amenizidi mwaka mmoja, alikuwa amemaliza darasa la saba, na alikuwa na mwandiko ambao watu walikuja kuutazama tu. Wanawake walimletea barua za watoto wao waliokwenda mbali. Nilijua utaratibu wake kabla sijamjua yeye vizuri. Karatasi ilisikika ikifunguliwa. Kisha kimya kirefu. Kisha Zuhura aliuliza maswali.

"Huyu bado yuko kwenye mkonge, Bi Sakina?"

"Bado, mwanangu. Kule kule Tanga."

"Na mara ya mwisho alikuwa anaumwa nini vile?"

"Mguu. Aliukanyagia kisiki."

"Haya. Anasema hivi: Mama mpendwa, shikamoo. Mimi ni mzima. Ule mguu umepona, sasa natembea mwenyewe hadi shambani. Wasalimie wote. Mungu akijalia nitakuja baada ya mavuno."

Bi Sakina, jirani yetu wa upande wa korongo, mjane mwenye mtoto huyo mmoja, alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na mara zote aliacha bakuli la karanga. Barua zote alizosoma Zuhura zilikuwa njema. Nililiona jambo hilo, na sikulifikiria.

Mimi sikujua kusoma. Darasa la pili la nusu mwaka na miaka tisa nyuma ya ng'ombe viliniachia herufi tatu, nazo ni zile zilizokuwa kwenye gunia la chumvi ya mifugo. Hakuna aliyeniuliza. Kijana mrefu, anayezungumza taratibu na asiyekunywa pombe hudhaniwa kuwa anajua kusoma, na mimi niliiacha dhana hiyo ikae. Katika kijiji kile, wazee walisamehewa kutojua. Walikuwa na darasa lao la kisomo saa tisa alasiri, katika ofisi ya kijiji, chini ya Mwalimu Bakari. Kijana hakusamehewa. Kijana alikuwa amezaliwa shule zikiwapo.

Mwalimu Bakari alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alikuwa na kabati la vitabu lililomnyima raha. Wilaya ilikuwa imeahidi vitabu vya kilimo na afya. Vilivyofika ni vya watoto, hadithi za zamani ambazo watoto wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha kukua nazo, zimefasiriwa kwa Kiswahili kilichonyooka na kuwekewa picha za wino mweusi. Watu wazima hawakuvigusa. "Nitasoma habari za chura mimi, mwenye ndevu?" mjomba alimwambia. Baada ya mavuno, vijana walipokwenda kumwomba awaandalie mashindano ya mpira, kwa sababu ndiye aliyekuwa na filimbi na mpira wa ngozi, Mwalimu alikubali kwa sharti. Kila timu ilikuwa imekuja na jina la mnyama mkali au la klabu kubwa ya mjini. Akayafuta yote. Timu zitaitwa kwa majina ya mahali palipomo ndani ya vitabu vyake. Zilitoka timu nne: Kisiwa cha Kengele, Msitu Kimya, Ziwa Juu na Mji wa Milango. Kila timu ilete kiumbe wa mahali pake, ambaye Mwalimu alimwita mwenyeji, kwa hoja kwamba wachezaji ni wageni wa mahali hapo na lazima awepo wa kuwakaribisha. Na kabla ya kila mchezo angechomoa namba moja ya kila timu kutoka ndani ya kofia yake, na mchezaji mwenye namba hiyo angesimulia hadithi ya mahali pake mbele ya watu. Akikosea, hachezi siku hiyo.

"Na kama hatuna nafasi ya kusoma, mwalimu?" aliuliza Idrisa, nahodha wetu.

"Mna nafasi ya kugombania mpira mmoja watu ishirini na wawili. Kitabu hiki hapa ni chenu peke yenu."

Nitasema kidogo juu ya wenyeji, kwa sababu ndiyo sehemu watu wanayoikumbuka. Kisiwa cha Kengele walileta mbuzi mwenye njuga, ambaye hakukubali kukaa nje ya mstari. Ziwa Juu walikuwa na chura katika sufuria lililofunikwa kwa kipande cha chandarua. Sisi wa Mji wa Milango tulikuwa na kobe, aliyeokotwa kwenye korongo na kubebwa katika ungo, maana mhusika mkuu wa hadithi yetu alikuwa kobe. Msitu Kimya walifanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelielewa papo hapo. Katika kitabu chao kulikuwa na picha ya bundi, ndege mwenye hekima wa msitu ule, na wao wakamshona bundi wa blanketi kuukuu, mkubwa kama mtoto wa miaka miwili, mwenye macho ya vifuniko vya makopo. Walipoingia naye uwanjani, upande mzima wa wazee uliinuka.

"Hicho kikilia hapa, nani atazikwa?" mzee mmoja aliuliza.

"Hakilii, babu. Ni blanketi."

"Kilianza lini bundi kuwa blanketi? Kitoeni."

Mwalimu alijaribu kueleza kwamba kwa wenye hadithi ile bundi ni mwalimu, si mleta msiba. "Basi akawafundishe huko kwao," mzee alisema, na mchezo haukuanza. Ilibidi wamkate masikio, wamsimamishie upembe wa kijiti kichwani na kumtia madoa mwili mzima kwa chokaa, na baada ya nusu saa akawa kanga, na wazee wakakaa. Nimefikiri sana juu ya nusu saa ile. Kitabu kilikuwa kimesafiri mbali sana kutufikia, lakini hatua za mwisho ilikibidi kivuke kwa namna yetu, au kisivuke kabisa.

Vitambaa vya majina alishona Zuhura. Mwalimu alimwandikia majina kwenye vipande vya karatasi, naye akayanakili kwa uzi mweupe, herufi zimesimama wima kama askari. Kitambaa cha Msitu Kimya kilipotandazwa kilisomeka MSITU KIMYA HERUFI KUBWA. Mwalimu alikuwa ameandika maelekezo ya ushonaji chini ya jina, na Zuhura alikuwa ameyashona pia. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. "Zuhura, hata mimi unanitania?" Zuhura akaweka mkono kiunoni. "Nani amekuambia umesalimika?" Kijiji kizima kilicheka, na timu ile iliitwa Herufi Kubwa hadi mwisho wa msimu. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na sikuona chochote usoni pake.

Nilikuwa golikipa. Sisemi kwa kujisifu. Mtu aliyezuia ndama wasiingie shamba la mtu kwa miaka tisa anajua kusimama katikati ya nafasi. Kwa mara ya kwanza watu waliniita kwa jina langu badala ya "yule aliyetoka tambarare". Nilitaka kubaki golini pale kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote mwaka ule, na kilichoniweka hatarini ni kofia ya Mwalimu. Kwa hiyo nilimwendea Zuhura. Alikuwa uani, akipepeta. Nikamwambia sina muda wa kusoma, anisomee yeye, mimi nitashika kwa masikio.

"Huna muda," alisema. "Unalala mchana mpaka kuku wanakuchoka."

"Nisomee tu, binamu."

"Na nikikusomea utanipa nini?"

"Nitakuombea upate mume asiye na meno, ule nyama peke yako."

Akacheka, akapangusa mikono, akachukua kitabu. Alinisomea siku tatu mfululizo, mchana, ameegemea kinu. Hadithi ilikuwa hivi. Kulikuwa na mji wenye ukuta na milango mia. Kobe alikuja kutoka nyikani akagonga mlango wa kwanza. Mlinzi mwenye jicho moja akamwambia, si hapa, nenda mlango unaofuata. Kobe akatembea. Mvua kubwa ikamnyeshea. Akagonga, akafukuzwa, akagonga, akafukuzwa, milango tisini na tisa. Alipofika wa mwisho akaukuta wazi. Akatazama ndani, akaona watu wamesimama, na hakuna hata mmoja aliyetoka kumsalimu. Akasema, mji mkubwa hivi na hauna salamu. Akageuka, akauacha mlango nyuma yake, akajenga nje. Na tangu siku hiyo watu wa mjini ndio wanaotoka kumfuata. Zuhura alifunga kitabu. Niliirudia hadithi kichwani nikiwa nimelala kati ya vilindo, neno kwa neno, na nilijiona nimeshakuwa msomaji.

Tulifika fainali dhidi ya Ziwa Juu. Ulikuwa msimu wa baridi, upepo unapuliza vumbi kutoka makorongoni, na uwanja mzima ulizungukwa na watu waliojifunika mashuka. Mwalimu akaingiza mkono ndani ya kofia. "Mji wa Milango, namba moja." Namba moja ilikuwa yangu. Nilisimama katikati, nikasimulia vizuri, nilijua kwamba nasimulia vizuri, kwa sababu hata mbuzi wa Kisiwa alinyamaza. Nilimtaja mlinzi mwenye jicho moja nikaona Mwalimu anakunja uso. Nilipomaliza, hakupiga filimbi.

"Hamisi, fikiri tena. Kobe aliingia au hakuingia?"

"Hakuingia, mwalimu."

"Umesoma mwenyewe?"

"Nimesoma."

"Hadi ukurasa wa mwisho?"

"Na wa mwisho."

"Kipa wenu ameacha kobe nje!" alipiga kelele mtu wa Ziwa Juu. "Leo ataacha mpira uingie!"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alifungua kitabu, akanipa, akaweka kidole penye mstari. Nadhani alitaka kunisaidia, alidhani nimesahau. "Basi soma hapa, tusikie."

Nilikishika kitabu. Nilitambua herufi tatu, zile za gunia la chumvi. Nilijua kwamba nikiinua uso kabla ya kutamka neno, kila mtu atakuwa ameshajua, na kwamba nikiuinamisha zaidi watajua vilevile. Kutoka upande wa wanawake ikatoka sauti ya Zuhura, kali, ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

"Mwache, mwalimu! Nimemtania binamu yangu! Mimi ndiye niliyemsomea, nikambadilishia mwisho!"

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mjomba alijifunika uso kwa shuka akitikisika mabega, na hata Idrisa, aliyekuwa amepoteza kipa siku ya fainali, hakuweza kujizuia. Hakuna aliyeuliza tena kama ninajua kusoma. Jambo lilikuwa limeingia katika utani, na kinachoingia humo hakichunguzwi. Mtu hamdai mtani wake maelezo. Lakini sheria ya kofia ilibaki sheria. Nilikaa kando ya ungo wa kobe, nikawatazama wakifungwa mabao manne.

Kwa miezi kadhaa niliamini yafuatayo: kwamba Zuhura alinibadilishia hadithi kwa makusudi, kwamba alifanya hivyo akijua nitaaibika, na kwamba aliungama pale kwa sababu alitaka sifa ya utani wake. Sikuwa na haki ya kukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilikula nikitazama ukuta. Mjomba aliliona. "Mtani hanuniwi," alisema, akanisogezea bakuli la mlenda. "Ukimnunia, umeukataa ujamaa. Kula." Zuhura alikuwa ameinamia sahani yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitania.

Mwalimu Bakari hakudanganyika. Jioni ile ile ya fainali, watu walipokuwa wakitawanyika, alinishika mkono. "Zuhura alikusomea. Kwa nini hukusoma mwenyewe?"

"Macho, mwalimu. Yananisumbua."

"Macho yaliyodaka mpira wa kona ndani ya vumbi?" Alisubiri. "Kesho saa tisa. Uje na hayo hayo macho."

Niliingia darasa la kisomo, nikaketi kwenye benchi moja na babu aliyenizidi miaka arobaini. Aibu ilidumu wiki mbili hivi. Baada ya hapo kazi yenyewe ilinichukua. Nilijiwekea utaratibu: maneno matano kwa siku, kila neno mara kumi kwa kijiti juu ya udongo wa ua, na jioni kuyatafuta maneno hayo popote yalipo, kwenye kiberiti, kwenye mfuko wa mbegu, kwenye kitambaa chetu cha kijani kilichokuwa kimeanikwa juu ya paa. Utaratibu huo sijauacha. Kila nilichokijua baadaye nilikijua kwa njia hiyo. Mvua za kwanza zilipoanza, Mwalimu alinipa kitabu cha Mji wa Milango nikasome peke yangu.

Nilikisoma chumbani, mvua inapiga paa la udongo na tone moja linadondokea jembe. Ilinichukua siku mbili. Siku ya tatu nilikisoma tena, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo nisilolielewa. Kama Zuhura alitaka kunibadilishia mwisho, kwa nini alibadilisha na katikati? Mlinzi hakuwa na jicho moja. Kitabu hakikusema lolote juu ya macho yake. Lakini picha ilimwonyesha kwa upande, na upande mmoja wa uso una jicho moja. Hakukuwa na mvua. Mchoraji alikuwa ametia kivuli cha ukuta kwa mistari mirefu iliyoinama, na mistari ile ilifanana sana na mvua. Na ukurasa wa mwisho: kobe aliingia mjini, akapokelewa, akalala, asubuhi akatoka, akaushika mlango usijifunge, ili anayekuja nyuma asigonge. Picha ilionyesha asubuhi hiyo. Kobe yuko nje, mlango uko wazi nyuma yake, watu wamesimama ndani. Mtu asiye na maandishi, mwenye picha tu, angesema nini zaidi ya alivyosema Zuhura?

Niliketi juu ya kitanda. Nilifikiria kitambaa cha Herufi Kubwa, mwandiko ule mzuri ambao kumbe ulikuwa mchoro, darasa la watoto tisini ambamo msichana wa nyuma anayenakili ubao vizuri hasumbuliwi na mtu. Nilifikiria barua. Nilikumbuka pia kwamba tangu fainali Zuhura alikuwa akiwarudisha wanawake na barua zao. Nilikuwa nimemsikia kupitia ukutani. "Siwezi siku hizi, Bi Sakina. Macho yananisumbua." Lilikuwa jibu langu mwenyewe, neno kwa neno.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokifanya uwanjani. Hakuwa amenitania. Alikuwa ameniona nimesimama na kitabu nisichoweza kukisoma, na yeye peke yake katika umati ule alijua kusimama hivyo kukoje, kwa hiyo akatutupia utani sote wawili kama mtu anavyotupa shuka moja juu ya watoto wawili. Angalikaa kimya, aibu ingalikuwa yangu peke yangu. Na kama nami ningesema sasa nilichokiona, isingekuwa utani tena. Wanawake wangeanza kuuliza watoto wao walikuwa wameandika nini hasa. Mimi nilikuwa na darasa la kwenda saa tisa. Yeye alikuwa na cheti cha darasa la saba ukutani, na mwenye cheti haketi kwenye benchi la kisomo.

Sikusema. Nilimwambia tu kwamba Mwalimu amenitaka nisome kwa sauti kila siku, na kwamba sipendi kuwasomea vilindo. Hiyo haikuwa kweli. Alinitazama kwa muda. "Soma basi," alisema. "Kipofu amepata fimbo, sharti atupige nayo." Tukaanza mwezi ule, mchana, uani, yeye akipukuchua kunde au kuchagua mbegu. Nilisoma hadithi ya ziwa, ya kisiwa, ya msitu wenye bundi. Alikaa kushoto kwangu, karibu, na kila baada ya muda aliuliza, "Umefika wapi?" Nami niliweka kidole. Nilidhani anajifanya ananikagua. Alikuwa na namna ya kunirudisha: "Hilo neno umelimeza, lirudie," na mimi nililirudia polepole, kidole juu yake, na sikujiuliza ni kwa nini alipenda nirudie maneno mafupi kuliko marefu. Nyakati za usiku mwaka ule, sijui kama alilala au alikuwa akiyatafuta maneno hayo kwenye mfuko wa mbegu kama mimi. Hakuwahi kuniambia. Najua tu kwamba mwaka uliofuata alikwenda kwa Bi Sakina akamwomba barua zake za zamani, wakajifungia tangu adhuhuri hadi alasiri, na kwamba Bi Sakina aliendelea kuja jikoni kwetu, akiwa na karanga au bila karanga. Walichosemezana mle ndani ni chao.

Mwishoni mwa mvua tulikuwa tumemaliza vitabu vya kabati lote ila kile cha kwetu. Nilikuwa nimekiacha kwa makusudi. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameinuka, ua umekauka, na Zuhura alikuwa na ungo wa kunde mapajani. Nilianza mwanzo wa hadithi nikasoma kama ilivyoandikwa: mlinzi bila jicho moja, njia bila mvua. Maganda ya kunde yaliendelea kupasuka. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilifanya nililokuwa nimelipanga kwa wiki kadhaa. Nilibakiza macho kwenye mistari, na kwa sauti ile ile ya kusoma nikasema kwamba kobe alitazama ndani, akaona hakuna aliyetoka kumsalimu, akageuka, akajenga nje. Nilitaka mwisho wake uwemo kitabuni japo mara moja.

Maganda yaliacha kupasuka.

"Binamu," alisema.

"Naam."

"Hapo hapajaandikwa hivyo."

Nikasogeza kitabu kwake. "Pameandikwaje?"

Aliuweka ungo chini. Alipangusa kidole kwenye kanga, akakiweka mwanzo wa mstari, na midomo ilitangulia kabla ya sauti. "Ko-be," alisoma. "Kobe a-ka-i-ngi-a. Akaingia." Akavuta pumzi. Kuku walikuja wakazidonoa kunde kwenye ungo, na hakuna aliyewafukuza. Alisoma mstari baada ya mstari, akilala pamoja na kobe mjini, akitoka naye asubuhi, hadi kwenye mlango ulioshikwa, kisha nukta ya mwisho, na nukta hiyo nayo aliigusa kwa kidole. Kisha akakifunga kitabu, akaniangalia usoni.

"Mwisho wangu ulikuwa mzuri zaidi," alisema.